Jinsi ya kusoma barua za mmishonari mgonjwa wa karne ya 19

Ukishika barua za wamishonari wa Kiprotestanti waliokaa huku kwetu kati ya miaka ya 1840 na 1890 utaona haraka sana kwamba sehemu kubwa ni homa. Nina homa, nimepata nafuu, nimeanguka tena, wanafunzi wamekuja wachache, homa imerudi. Wengi wakifika hapo wanaruka kurasa, wanakimbilia pale Rebmann anapoona theluji ya Kilimanjaro au Mackay anapoingia kwa Kabaka (mfalme) Mutesa wa Buganda, na mimi naona hapo ndo wanapoacha mali. Mmishonari akiwa mzima anaandika kama vile yeye ndo anaendesha kila kitu, ila akishalala chali na meno yanagongana hana ujanja tena, inabidi ataje nani kamletea maji, nani kambeba, nani kabaki na watoto darasani wiki nzima. Hao ndo watu ambao vitabu viliwasahau. Na kama unatafuta historia ya vituo vya misheni kama Rabai, Freretown, Mpwapwa au Usambiro, hao ndo unaowataka.

Kwa hiyo haya ni maelekezo kwa mtu ambaye ameshapata barua zenyewe, iwe ni skani, picha za simu alizopiga maktaba, au kitabu cha zamani cha PDF, na hajui aanzie wapi.

Anza na mtu mmoja na msimu mmoja wa ugonjwa

Usijaribu kusoma zote. Hawa watu waliandika sana, wengine waliandika kila wiki kwa miaka, ukianza barua ya kwanza mpaka ya mwisho utachoka kabla hujafika popote. Chagua mtu mmoja, alafu tafuta kipindi kifupi ambacho aliugua huku kazi ya kufundisha inaendelea, miezi mitatu minne inatosha kabisa.

Mfano mzuri ni Johann Ludwig Krapf. Mjerumani wa Derendingen karibu na Tübingen, ila alitumwa na CMS ya London, yaani Church Missionary Society, chama cha kutuma wamishonari. Alifika Zanzibar Januari 1844, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa watawala wake wa pwani, akahamia Mombasa na mke wake Rosine. Mwezi wa 6 alishaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi wa 7 nyumba nzima ina homa, Rosine kajifungua mtoto wa kike, tarehe 13 Rosine akafa, na mtoto naye akafuata siku chache tu baadaye, na Krapf mwenyewe anaumwa hajiwezi. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kule Nyali. Baada ya hapo aliandika London ile barua inayotajwa sana, kwamba sasa kuna kaburi la mtu wenu kwenye pwani ya Afrika Mashariki na hiyo iwe ishara kwenu kwamba mapambano yameanza.

Sasa angalia hapo. Ndani ya wiki chache una mwalimu anayefundishwa Kiswahili na kadhi, una mgonjwa, una msiba, na una barua ya kwenda kwa waajiri. Ukikaa na miezi hiyo tu vizuri utajifunza namna ya kusoma barua zake zingine zote. Mfano mwingine ni Agosti 1846 wakati Krapf na mwenzake Johannes Rebmann wanahamia Rabai, wote wawili wana homa siku ile ile ya kuhama, na sababu mojawapo ya kupenda Rabai ilikuwa ni kwamba iko juu mlimani na hewa ilionekana nzuri kuliko Mombasa. Yaani hata mahali pa kuweka shule na kanisa paliamuliwa na homa kwa kiasi fulani.

Barua imeandikwa kwa nani

Kabla hujasoma mstari wa kwanza nenda mwisho au juu kabisa uone inakwenda kwa nani, maana mtu huyo huyo siku hiyo hiyo anasema mambo matatu tofauti.

Barua ya kamati, yaani ya wale mabosi wa London, ni barua ya mtu anayejua kwamba pesa na ruhusa zinatoka huko. Ugonjwa ndani yake unakuwa wa heshima, una maana, Mungu anamjaribu mtumishi wake, kazi haijasimama. Barua ya nyumbani kwa mama, baba au dada ina mambo mawili yanayovutana, anataka wasiwe na wasiwasi na hapo hapo anataka wamwonee huruma, kwa hiyo anasema ni homa kidogo tu alafu anaeleza ukurasa mzima. Ya tatu ni barua ya wafadhili na watoto wa shule za Jumapili, hii mara nyingi ni ya kuchangamsha, ina wanyama, ina mwanafunzi mmoja mwerevu mwenye jina, na ugonjwa unapita kwa sentensi moja au haupo kabisa.

Ukiweza kupata mbili kati ya hizo za mwezi mmoja ziweke pembeni pembeni. Pale zinapotofautiana kuhusu idadi ya wanafunzi au urefu wa ugonjwa, usikimbilie kusema mtu ni muongo. Jiulize nani alihitaji kusikia nini. Alexander Mackay, mmishonari wa CMS kule Buganda, ni mzuri kwa zoezi hili kwa sababu barua zake nyingi kwa baba yake, aliyekuwa mchungaji kule Rhynie, Scotland, zilichapwa kwenye kitabu alichotoa dada yake mwaka 1890, na zile alizowaandikia CMS ziko kwenye nyaraka zao. Na huyu Mackay alikuwa mkweli kwa njia yake, kabla ya kuondoka 1876 aliwaambia kamati usoni kwamba wasishangae ndani ya miezi 6 wakisikia mmoja wa wale wanane waliokuwa wanatumwa amekufa. Na kweli mwaka haukuisha, mmoja alikufa Zanzibar hata hajaanza safari ya bara.

Tengeneza jedwali la tarehe, usilidharau

Hii ni kazi inayoboa kidogo lakini bila hiyo utachanganya kila kitu. Fungua shiti, weka safu ya siku barua ilipoandikwa, safu ya mahali, safu ya siku ilipopokelewa, alafu hali ya mwili, alafu wanafunzi, alafu majina ya watu waliotajwa. Makarani wa London walikuwa wakiandika tarehe ya kupokea kwenye barua yenyewe, iangalie juu au mgongoni pale ilipokunjwa, ni maandishi tofauti na ya mwandishi.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu ya posta. Miaka ya Krapf barua ya Mombasa ilisubiri jahazi au meli yoyote inayoelekea njia hiyo, ikapitia Zanzibar, Aden au Bombay, ikakata Misri kwa nchi kavu kwa sababu mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa mpaka Novemba 1869. Na majahazi yanafuata upepo, mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hili, kaskazi ikiwa inavuma hakuna jahazi la kwenda Aden, unangoja kusi. Kwa hiyo ukiona barua nyingi zimeandikwa karibu karibu alafu kimya cha miezi, usidhani mtu alizimia, pengine kulikuwa hakuna chombo. Kuanzia mwisho wa 1872 meli za British India zikaanza kuleta posta Zanzibar kwa ratiba, na mwaka 1879 ikaja waya ya simu ya maandishi, hapo kasi ya habari inabadilika kabisa kwa watu wa pwani. Ila aliyekuwa Buganda au Usambiro bado alitegemea msafara wa miguu kwa miezi.

Matokeo yake ni mazungumzo ya ajabu. Dada anauliza umepona? Ndugu anajibu homa ipi, maana tangu ile unayoisema nimeshaugua mara kadhaa. Ukisoma bila jedwali utaona kama ni homa moja ndefu. Na jambo lingine, barua za muhimu zilitumwa nakala mbili kwa njia mbili tofauti zikipotea moja ifike nyingine, kwa hiyo ukikuta barua mbili zinafanana usihesabu ugonjwa mara mbili.

Utakutana pia na vifupi. "inst." ni mwezi huu huu, "ult." ni mwezi uliopita, "prox." ni mwezi ujao, na "D.V." ni Mungu akipenda, ambayo kwa mtu mwenye homa inaandikwa kila mahali kama sisi tunavyosema inshallah. Ukikosea "ult." jedwali lako lote linasogea mwezi mmoja.

Mwandiko

Fupi tu. Soma tarehe, majina na namba kwanza kwenye barua tatu nne za siku alizokuwa mzima, ujue herufi zake zikoje, alafu ndo uende kwenye zile za ugonjwa. Ukianza na za ugonjwa utalia. Karatasi na posta vilikuwa ghali kwa hiyo wengine walijaza ukurasa alafu wakaugeuza na kuandika juu yake kwa kukatisha, hapo usijaribu kwenye simu, weka kwenye kompyuta, zoom, ongeza kontrasti, fuata mistari ya upande mmoja tu kwanza. Krapf na Rebmann waliiandikia CMS kwa Kiingereza lakini barua za Ujerumani ni za Kijerumani kwa mwandiko wa zamani wa huko ambao hata Mjerumani wa leo wengi hawausomi, kwa hizo tafuta msaada. Rebmann ana tatizo la ziada, macho yake yaliharibika taratibu mpaka akawa karibu kipofu, kwa hiyo mwandiko wake wa miaka ya mwisho ni ushahidi wa ugonjwa hata kama haandiki neno juu ya macho.

Homa yenyewe uisome vipi

Hapa kaa sana. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba ni mbu. Laveran aliona kimelea cha malaria kwenye damu mwaka 1880 huko Algeria, na Ross akaonyesha kazi ya mbu mwaka 1897 huko India. Krapf alishakufa 1881, Mackay 1890. Kwa hiyo mtu anaandika kuhusu hewa mbaya ya kinamasi, jua kali, kulowa mvua, kula matunda, uchovu wa safari, huzuni, na mistari michache mbele analalamika kwamba mbu hawakumwacha alale, na hahusishi hayo mawili hata kidogo. Usimcheke, na usimsahihishe ndani ya nukuu yako. Ila hizo sababu zake zinakupa habari za bure, ukisoma "nimelowa nikivuka mto" umepata msimu, umepata njia aliyopita, umejua alikuwa safarini na sio shuleni.

Jambo la pili, wao waliita karibu kila kitu homa. Lakini waliangalia vizuri siku zake. Akikwambia homa inakuja siku moja, inapumzika siku inayofuata, inarudi ya tatu, hiyo ni tabia inayojulikana ya aina fulani ya malaria, na nyingine inaruka siku mbili. Basi angalia tarehe za barua na rejista ya shule kama ipo, unaweza kukuta anaandika na kufundisha siku za kupumzika tu, na barua inayoonekana ya mtu mzima kabisa iko katikati ya siku mbili za kutetemeka. Homa isiyoshuka kabisa ilikuwa ndo ya kuogopwa. Na akitaja mkojo mweusi au mwekundu sana, ujue hali ilikuwa mbaya, wengi waliopata hiyo hawakuandika barua nyingi baada yake.

Tatu, dawa. Kwinini ilishatengwa kutoka kwenye gamba la mti mwaka 1820 kwa hiyo walikuwa nayo, ila kiasi walichokunywa na wakati wa kunywa vilitofautiana sana mtu na mtu. Kwinini nyingi inafanya masikio yavume, mtu anakuwa kama kiziwi kwa muda, anatapika. Kwa hiyo mwalimu akilalamika kwamba hasikii wanafunzi wakisoma silabi zao, kabla hujaandika kwamba alikuwa mkali au mchovu, tazama kama siku hizo alikuwa anameza kwinini. Kalomeli nayo ilitumika sana, hiyo ina zebaki ndani, inaharisha, inajaza mate, inaharibu fizi na meno. Udhaifu mwingi unaoelezwa kwenye barua baada ya homa kuondoka ni wa dawa kuliko wa ugonjwa, kwa maoni yangu. Na kulikuwa na afyuni ya maji kwa ajili ya kuhara na maumivu, ukisoma barua yenye ndoto nyingi na maneno ya kuelea elea weka alama kwenye jedwali lako, sio kila kitu hapo ni maono ya kiroho.

Nne, tenganisha maneno ya desturi na maneno ya kweli. Barua ya mmishonari ilikuwa na mwendo wake: nimejaribiwa, nimekubali mapenzi ya Mungu, nimeinuliwa, niombeeni. Hiyo alifundishwa, wote wanayo, na haimaanishi hakuamini, aliamini. Lakini ukitaka habari tafuta kile ambacho hakina kazi kwenye mwendo huo, mfano maziwa yametoka kwa nani, kibanda kilivuja wapi, mbuzi alinunuliwa kwa vitambaa vingapi, nani alikaa usiku. Mtu hatungi vitu hivyo ili kuvutia kamati.

Shule iko wapi wakati mwalimu kalala

Hili ndo swali la kubeba kila barua. Mwalimu kalala siku kumi, je shule ilifungwa? Wakati mwingine ndio, na anasema wazi. Wakati mwingine anasema kwamba masomo yaliendelea na anapita haraka kana kwamba masomo hujiendesha yenyewe. Hapo simama. Masomo hayajiendeshi, kuna mtu.

Buganda ndo mahali panapoonyesha hili vizuri kuliko popote. Kabla mmishonari wa CMS hajafika huko mwaka 1877 alishakuwepo Dallington Maftaa, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar, alikuja na msafara wa mpelelezi Stanley mwaka 1875 akabaki kwa Mutesa akimsomea na kumfasiria maandiko. Na kabla yake waalimu wa Kiislamu kutoka pwani walishafundisha watu wa ikulu kusoma. Mackay alipofika Novemba 1878 alikuta Kiswahili kinaeleweka pale, akatumia tafsiri za Kiswahili za askofu Steere wa Zanzibar, akachapa karatasi za kusomea kwenye mashine yake ndogo, na vijana wakishika herufi walikuwa wanafundishana wenyewe. Kwa hiyo ukisoma barua ya Mackay mgonjwa na wanafunzi wanaongezeka badala ya kupungua, usishangae na wala usiandike muujiza, vijana walikuwa wanashikana mikono bila yeye.

Rabai mambo yalikuwa tofauti, watoto walikuja kidogo wakaacha, na barua zinalaumu uvivu au ukaidi wa wazazi. Weka lawama pembeni utazame tarehe. Ni wakati wa kulima? Ni wakati wa kuvuna? Kuna njaa? Kuna hofu ya Wamasai au ya wakamata watumwa? Mzazi wa Kirabai hakuwa na sababu ya kumwacha mtoto akae kwenye kibanda cha mgeni anayetetemeka wakati shamba linangoja. Mwandishi hakuliona hivyo, lakini ushahidi kautoa mwenyewe kwa kuandika tarehe.

Na kumbuka mmishonari mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Rebmann alijifunza Kinyanja kutoka kwa mtu aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka upande wa ziwa Nyasa, wakakaa pamoja kwenye maneno kwa muda mrefu na kamusi ikachapwa 1877 Rebmann akiwa ameshafariki. Ukisoma mahali anasema leo nimefanya kazi ya lugha, andika kwenye safu ya wanafunzi "yeye", na mbele yake jina la mwalimu kama limetajwa.

Kufukua majina

Majina yameandikwa kwa masikio ya Kijerumani au ya Kiskoti, kwa hiyo yasome kwa sauti, usiyasome kwa macho. Jagga ni Uchaga. Teita ni Taita. Dafeta ni Taveta. Kadiaro ya Rebmann ni Kasigau. Mombas na Rabbai Mpia utazijua mwenyewe. Majina ya watu ni hivyo hivyo, mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu kwenye barua tatu, alafu akibatizwa anakuwa Johannes au Isaac na ukimtafuta kwa jina la zamani humpati tena. Tengeneza orodha ya majina yote na tahajia zote, usichague moja mapema.

Ukikutana na "mtumishi wangu mwaminifu" bila jina usikate tamaa, rudi nyuma barua mbili tatu za wakati wa homa, mara nyingi ndo jina linapotoka, kwa sababu mgonjwa anamshukuru mtu kwa jina. Isaac Nyondo wa Rabai ni mfano, mwaka 1875 Rebmann akiwa haoni tena, baada ya miaka 29 bila kukanyaga Ulaya, Nyondo ndiye aliyesafiri naye kumrudisha. Mwaka uliofuata Rebmann akafa kule Korntal. Fikiria ni mambo mangapi ya Rebmann mzee tungeyajua kama Nyondo ndiye angekuwa anaandika barua.

Kuna majina yaliyofichwa makusudi pia. Januari 1885 vijana watatu waliokuwa karibu na misheni waliuawa Buganda kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa, na baada ya hapo mtu mwenye akili angefikiri mara mbili kabla ya kuandika nani anakuja kusoma usiku, barua ikikamatwa njiani ni roho ya mtu. Kwa hiyo kimya cha miaka hiyo kisome tofauti na kimya cha Rabai.

Halafu matusi. Utakutana na "Wanika" kwa Wamijikenda, utakutana na washenzi, na wavivu, na maneno ya dharau kuhusu waganga na kuhusu Uislamu. Ndani ya nukuu acha kama yalivyo, usiyafiche, lakini kwenye maelezo yako tumia majina watu wanayojiita wenyewe. Na kwenye barua za ugonjwa angalia kitu cha kuchekesha kidogo, mtu anamtukana mganga asubuhi na jioni anakunywa dawa ya majani aliyopikiwa na jirani.

Kilichochapwa sio kilichoandikwa

CMS walikuwa na magazeti yao, Church Missionary Intelligencer lilianza 1849 na ndo huko habari za Rebmann za mlima wenye theluji zilisomwa, mpaka mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley akiwa kakaa London akabisha kwamba theluji haiwezekani. Lakini mhariri wa gazeti alikuwa anakata. Ugomvi kati ya wamishonari unatoka, malalamiko ya pesa yanatoka, kuharisha kunatoka, na kinachobaki ni mgonjwa mtulivu anayesali. Kitabu cha familia nacho kinachujwa kwa mapenzi. Na mtu mwenyewe anajichuja, kitabu cha safari za Krapf kilitoka kwa Kijerumani 1858 na Kiingereza 1860, akiwa yuko kwao, ameona mwisho wa hadithi. Soma barua ya 1844 kwanza, kitabu baadaye, ukigeuza kitabu kitakuambia barua inasema nini kabla hujaisoma.

Pa kuzipata

Nyaraka za CMS ziko Cadbury Research Library, chuo kikuu cha Birmingham. Mpaka 1880 faili za Afrika Mashariki zinaanza na C A5, na ukiona O baada yake ni barua asilia zimepangwa kwa majina ya waandishi, baada ya 1880 tafuta G3 A5, na huko kuna vitabu vya muhtasari ambapo karani aliandika kila barua inasema nini kwa ufupi, anza na hivyo vitakuokolea muda sana. Za London Missionary Society ziko chuo cha SOAS, London. Krapf na Rebmann wote walipita chuo cha wamishonari cha Basel, Uswisi, kwa hiyo hifadhi ya Basel Mission inafaa kuulizwa. Vitabu na magazeti ya zamani hayana tena hakimiliki na vingi vimeskaniwa unavisoma bure. Huku nyumbani kuna hifadhi za taifa Nairobi na Zanzibar, kuna makumbusho pale Rabai, na makanisa ya zamani yana rejista za ubatizo, hizo zinafungua majina yako kuliko barua yoyote, ila nenda kwa adabu, jitambulishe kwa mchungaji na wazee kwanza, usiingie na kamera.

Unapoandika maktaba za nje taja mwandishi, mwaka na namba ya faili, usiseme nataka barua za wamishonari wa Kenya, watakujibu kwa orodha ya kurasa mia. Na ukishamaliza jedwali lako, nakala moja peleka kule barua zilikoandikwa, Rabai au Mpwapwa au popote, pamoja na orodha ya majina na namba kamili ya kila barua, maana kuna mtu huko anamjua mjukuu wa yule aliyempikia mgonjwa uji.